Mbayuwayu wa Sailor Jerry kwenye ngozi nyeusi: jibu kwa baharia wa Mombasa

Swali la msomaji:

"Mimi ni kijana wa Mombasa, nafanya kazi melini upande wa deki, na kwa sasa niko nyumbani nasubiri mkataba mwingine. Nataka tatuu yangu ya kwanza: mbayuwayu wawili kifuani, mmoja kila upande. Fundi mmoja hapa mjini amenionyesha karatasi za michoro ya Sailor Jerry. Anasema huyo ndiye aliyevumbua mashine ya tatuu, na kwamba nanga, mbayuwayu na meli zote ni zake. Mimi jina hilo nalijua kutoka kwenye chupa ya rum tu. Wenzangu melini nao wamenitia wasiwasi. Mmoja asema mbayuwayu hachorwi mpaka uwe umesafiri maili elfu tano, kabla ya hapo umejivika cheo kisicho chako. Mwingine asema rangi hazionekani kwenye ngozi nyeusi, nitaishia na doa. Halafu dada yangu alitoboa masikio yakaota uvimbe mkubwa, na mama anasema nami yatanipata hayo hayo. Fundi anataka tumalize wiki hii kwa sababu naondoka tarehe kumi. Nifanyeje? Na huyu Sailor Jerry ni nani hasa?"

Ndugu yangu, kwa kuwa una tarehe ya kuondoka, naanza na la haraka: wiki hii usichorwe, na kifuani usichorwe kabisa kabla hujaonana na daktari wa ngozi. Kama una nafasi ya kusoma mstari mmoja tu, huo unatosha. Sababu zinafuata, na katikati yake nitamtoa Sailor Jerry kwenye chupa ili umwone alivyokuwa, maana habari zake zinauhusu uamuzi wako kuliko fundi wako anavyodhani.

Naona unaogopa vitu viwili. Unaogopa kubeba alama usiyoistahili, na unaogopa kuiharibu ngozi yako. Hofu ya kwanza wenzako wameikuza. Ya pili fundi wako ameipunguza, na katika watu wote uliowataja, mama yako ndiye aliyeukaribia ukweli zaidi.

Sailor Jerry ni jina la kazi. Mwenyewe aliitwa Norman Keith Collins, alizaliwa Reno, jimbo la Nevada, Januari 14, 1911, mji wa bara usio na pwani wala bandari. Akiwa kijana alitoka nyumbani akazunguka Marekani kwa kudandia treni za mizigo. Mtu mmoja aliyeitwa Big Mike, wa Palmer, Alaska, alimfundisha kuchora kwa mkono bila mashine, tundu baada ya tundu. Alipofika Chicago akakutana na Gib Thomas, maarufu kwa jina la Tatts, na huyo ndiye aliyemkabidhi mashine na kumfundisha kuitumia. Akiwa na miaka 19 alijiunga na Jeshi la Wanamaji, akaziona bandari za Asia ya Mashariki, na katika miaka ya 1930 akatia nanga Honolulu, Hawaii. Aliendelea kuipenda bahari maisha yake yote, na kwa muda alikuwa nahodha wa jahazi la milingoti mitatu lililobeba watalii.

Kwa hiyo mashine hakuivumbua yeye. Alipozaliwa, mashine ya umeme ya tatuu ilikuwa na hataza, yaani hati ya kumiliki uvumbuzi, ya karibu miaka 20. Samuel O'Reilly wa New York aliipata hataza hiyo Desemba 8, 1891, akitumia wazo la kalamu ya umeme ya Thomas Edison ya mwaka 1876. Kalamu hiyo ilikuwa chombo cha ofisini: sindano yake ilipiga vitundu kwenye karatasi ili barua moja inakiliwe mara nyingi. O'Reilly akaona kinachotoboa karatasi kitatoboa ngozi. Charlie Wagner, wa New York vilevile, akapata hataza yake mwaka 1904. Ukitaka kumshukuru mtu kwa ule mngurumo unaousikia dukani kwa fundi wako, anza na hao.

Michoro nayo ilimtangulia. Wakati Collins bado anajijenga, August Coleman, aliyejulikana kama Cap Coleman, alikuwa tayari jina kubwa Norfolk, Virginia, mji wa kambi ya wanamaji. Mwaka 1936 jumba la makumbusho ya mabaharia la Newport News, jirani na hapo, lilinunua karatasi zake za michoro na kuzihifadhi. Nanga, mbayuwayu, meli yenye matanga yote, moyo wenye utepe wa jina: hizo zilikuwa mali ya fani nzima, zikipita mkono kwa mkono, kila fundi akinakili na kurekebisha. Fundi wako akikuambia "hii ndiyo orijino", anauza karatasi.

Basi kwa nini jina la Collins ndilo lililobaki? Sehemu ya jibu ni mahali na wakati. Desemba 7, 1941 Wajapani walipoishambulia Pearl Harbor, kambi ya wanamaji wa Marekani jirani na Honolulu, mji huo uligeuka mlango ambao askari na mabaharia wa Marekani walipitia kwenda vitani Pasifiki. Wakipewa ruhusa ya kushuka mjini walimiminika Hotel Street, mtaa wa baa, madanguro na maduka ya tatuu. Ni vijana wa rika lako, wengi hawajui kama watarudi, wamesimama foleni na mshahara mfukoni. Mchoro wa kuwafaa watu hao ulipaswa kuchorwa upesi, kusomeka kutoka ng'ambo ya barabara, na kustahimili jua na chumvi. Mtindo tunaouita leo wa jadi wa Kimarekani, wenye mstari mnene mweusi, kivuli kizito na rangi chache, umeivia kwenye mazingira hayo.

Sehemu ya pili ya jibu ndiyo ninayotaka uishike, kwa sababu humo ndimo ulimo urithi wenyewe. Katika maduka mengi ya zama zile, ndoo moja ya maji na sifongo moja vilifuta damu ya wateja wa siku nzima, na sindano ilitumika mpaka ibutuke. Collins anahesabiwa miongoni mwa mafundi wa kwanza wa fani hii kutumia otoklevu, ile mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke wenye shinikizo kama ya hospitali, na kutupa sindano baada ya mteja mmoja. Alibuni namna za kupanga sindano ili zisiichane ngozi, akahangaika kutafuta rangi zilizo salama zaidi na zinazodumu. Zambarau ndiyo anayosifiwa nayo sana, kwa sababu kabla yake mafundi hawakuwa na zambarau ya kutegemea. Kuona uzito wa jambo hilo la usafi, kumbuka kwamba mwaka 1961 jiji la New York liliipiga marufuku tatuu kwa hofu ya homa ya ini aina ya B, na marufuku hiyo haikuondolewa hadi 1997.

Sehemu ya tatu ni Japani, na hapa mtu huyu ananivutia kwa namna ya pekee. Collins hakuwa na mapenzi na Wajapani. Alikuwa mtu wa mrengo wa kulia, mkali, na Pearl Harbor ilitokea mjini kwake. Hata hivyo alipoitazama kazi yao aliona wako mbele. Mmarekani alibandika picha moja hapa, nyingine pale, mpaka mkono ukajaa vipande visivyojuana. Mjapani aliutazama mgongo wote kuwa picha moja, upepo na mawimbi vikiunganisha samaki na ua. Collins akaanza kuandikiana barua na mabingwa wa Japani, akiwemo Kazuo Oguri wa Gifu, ajulikanaye kama Horihide, wakabadilishana michoro na maarifa. Nia yake, kwa kauli yake mwenyewe, ilikuwa kuwashinda kwenye mchezo wao. Chuki haikumzuia kujifunza. Ukizitazama kazi zake za mwishoni utaona joka na mawimbi ya Kijapani yakikaa pamoja na rangi kali za Kimarekani.

Barua hizo zilizaa mengine. Ed Hardy, kijana aliyesomea sanaa ya uchapaji San Francisco, alipata kupitia kwa Collins njia ya kwenda Gifu kufanya kazi na Horihide mwaka 1973. Mwaka uliofuata akafungua San Francisco duka ambalo halikuwa na biashara ya kuchagua picha ukutani: unaweka miadi, mnazungumza, unachorewa kitu chako peke yako. Utaratibu huo sasa ni wa kawaida dunia nzima. Ndiyo, ni Ed Hardy yule yule wa zile fulana za chui na mafuvu. Ukipita kwenye mitumba ya Kongowea huenda ukamkuta.

Collins alifariki Honolulu Juni 12, 1973. Alikuwa amemwachia mkewe maagizo: duka lake la 1033 Smith Street, lililoko Chinatown, lichukuliwe na mmoja kati ya mafundi watatu, Ed Hardy, Zeke Owen au Mike Malone, na wakikataa wote, vitu vyote vichomwe moto. Malone akalichukua. Mwaka 1999 Hardy na Malone wakashirikiana na kampuni ya Philadelphia kuanzisha biashara yenye jina la Sailor Jerry, ikaanza na mavazi, kisha ikaja hiyo rum. Collins hakuwahi kuionja rum yenye jina lake. Chupa imefanya jina lijulikane hadi Mombasa, lakini imempunguza mtu akawa nembo ya sherehe.

Usinielewe kwamba namfanya walii. Katika karatasi zake wamejaa wanawake wa Pasifiki na Asia waliochorwa kama vitu vya kumfurahisha baharia mlevi, na baadhi ya picha za wakati wa vita zinadhalilisha. Fundi mwenye akili leo huchukua mstari wake na usafi wake, akaacha hayo. Na ukitaka mchoro wa mtindo huo, mwombe fundi akuchoree mbayuwayu wake mwenyewe, asikunakilie karatasi aliyoipakua. Utapata kitu kilichopimwa kwa mwili wako.

Sasa hizo maili. Desturi ipo kweli: mbayuwayu mmoja kwa maili 5,000 za baharini, yaani kilomita 9,260, na wa pili ukifika 10,000. Kobe huchorwa na aliyevuka ikweta, meli yenye matanga yote na aliyezunguka Cape Horn, ncha ya kusini ya Amerika ya Kusini. Lakini ni desturi ya masimulizi, hubadilika kutoka meli hadi meli, na hapajawahi kuwa na afisa wa kukagua kifua chako. Karatasi za Hotel Street zilibandikwa ukutani ili achague yeyote mwenye pesa, akiwemo askari wa miguu aliyeshushwa melini juzi.

Kama unataka kuiheshimu desturi hata hivyo, piga hesabu. Mombasa hadi Muscat ni zaidi kidogo ya maili 2,000 za baharini. Safari mbili za kwenda na kurudi zinakupitisha 5,000 kwa mbali, ingawa bado hujafika 10,000. Na kwa kuwa Mombasa iko nyuzi 4 kusini ya ikweta, kobe unamstahili tangu safari yako ya kwanza ya kwenda Ghuba. Mabaharia wa London wanasubiri muda mrefu kumpata. Isitoshe, mbayuwayu wa kwenye michoro, mwenye mgongo wa bluu iliyokoza, koo jekundu na mkia wa panda, ni ndege halisi, na ni yule yule anayetoka Ulaya na kuja kukaa kwetu kuanzia kama Oktoba hadi Machi. Unamwona kwenye nyaya za umeme kila mwaka. Sidhani kama kuna mtu wa kukuambia si wako.

Tuje kwenye ngozi, maana hapo ndipo penye kazi. Ngozi ina tabaka mbili zinazotuhusu. Ya juu inajivua na kujijenga upya kwa muda wa takriban mwezi mmoja. Wino ukiishia hapo, wote utapukutika. Kwa hiyo sindano inashuka hadi tabaka la chini, kina cha milimita 1 hadi 2, na kuuacha wino huko. Mwili unauona wino kama mvamizi. Seli za ulinzi ziitwazo makrofaji zinakuja, zinaumeza, lakini chembe za wino hazimeng'enyeki, basi seli inabaki pale pale imeshiba rangi. Unachokiita tatuu ni mamilioni ya seli zilizokwama na mzigo. Seli hizo zikifa zinauachia wino, na seli mpya zinaudaka papo hapo. Watafiti wa Ufaransa walilionyesha hilo kwa panya mwaka 2018.

Katika kupokezana huko kwa miaka, chembe chache husogea pembeni na nyingine hubebwa hadi kwenye tezi za limfu. Ndiyo maana kila mstari unanenepa na kufifia kidogo kadiri unavyozeeka. Mafundi wa Kimarekani wana usemi kwamba mstari mnene ndio unaodumu, na sababu yake ni hiyo. Katika mchoro wa namna ya Collins, mistari ni minene na kati yake pameachwa nafasi za kutosha, kwa hiyo hata ikinenepa haigusani. Kipimo cha mkato ambacho mafundi wa mtindo huu hupeana ni theluthi moja nyeusi, theluthi rangi, theluthi ngozi tupu. Mwombe fundi akuchoree mbayuwayu mdogo kama sarafu, mwenye manyoya thelathini kwenye bawa, na baada ya miaka kumi utakuwa na doa kweli, uwe mweusi au mweupe. Mpe ukubwa wa kiganja, manyoya sita au saba mapana, mkia wenye panda iliyo wazi, na atasomeka mpaka uzeeni.

Mwenzako anayesema rangi hazionekani kwenye ngozi nyeusi amechanganya mambo. Zinashika vizuri kabisa, kwa njia ile ile niliyoieleza. Tofauti ni kwamba melanini, rangi ya asili ya ngozi yako, iko zaidi kwenye tabaka la juu, na wino uko chini yake. Ni kama kuitazama kanga kupitia chandarua cha kahawia: nyeusi inaonekana wazi, nyekundu nzito na kijani kilichokolea vinapita vizuri, bluu iliyokoza inasogea kuelekea nyeusi, na manjano, bluu ya mbingu na nyeupe vinamezwa kwa kiasi kikubwa. Kiasi gani hasa kinategemea weusi wako. Kuna wateja wangu ambao chungwa linawaka kwao, na wengine halionekani kabisa. Fundi mzuri atakuwekea nukta chache za majaribio kwanza, mahali pa kificho, ukaziona zikiwa zimepona.

Mbayuwayu, kwa bahati, anafaa. Mgongo mpe nyeusi badala ya bluu, au bluu nzito yenye ukingo mweusi. Koo mpe nyekundu. Kifua cha ndege kisijazwe nyeupe. Kiachwe ngozi yako mwenyewe, kama Collins alivyoacha ngozi ya wateja wake ifanye kazi ya rangi. Nyekundu ina tahadhari yake: ndiyo inayoongoza kwa kuleta mzio. Zamani ilitengenezwa hata kwa madini ya zebaki. Za leo ni tofauti, lakini bado mwulize fundi chupa ni ya kampuni gani na uione lebo.

Kinachoharibu tatuu nyingi za watu weusi ni mkono wa fundi. Fundi asiyeizoea ngozi yetu haoni rangi ikijitokeza upesi, basi anakandamiza, anarudia mstari mara ya tatu, ya nne, anashuka chini mno. Wino unasambaa kama moshi chini ya ngozi na jeraha linakuwa kubwa kuliko linavyopaswa. Kabla ya kumlipa mtu yeyote, mwambie akuonyeshe picha za kazi zake kwenye ngozi ya weusi wako, zilizopigwa baada ya mwaka, si zile zinazong'aa dakika tano baada ya kumaliza.

Na jeraha kubwa linanirudisha kwa mama yako. Uvimbe wa masikioni mwa dada yako, kama ulikua ukavuka ukubwa wa tundu lenyewe, unaelekea kuwa keloidi. Kovu la kawaida lililovimba hubaki ndani ya mipaka ya jeraha na hupungua polepole. Keloidi huvuka mipaka, hutambaa kwenye ngozi isiyo na jeraha, na inaweza kuanza miezi baada ya jeraha kupona. Ni jambo la mwili kutengeneza nyuzi za kolajeni, protini inayojenga kovu, bila kujua pa kusimama. Huwapata zaidi watu wenye asili ya Afrika, zaidi katika umri wa ujana, na hutembea kwenye familia. Ndugu yako wa damu akiwa nayo, hatari yako inapanda. Halafu ina sehemu inazozipenda: masikio, mabega, taya, na kifua. Yaani wewe, kijana mweusi, mwenye dada mwenye keloidi, umechagua mahali pa hatari karibu kuliko pote mwilini. Keloidi ikiota juu ya tatuu, kuikata mara nyingi huirudisha, wakati mwingine kubwa zaidi. Madaktari huanza kwa sindano za dawa jamii ya steroidi, na ni safari ndefu.

Hilo halimaanishi umekatazwa maisha. Jikague kwanza. Tazama kovu lako la chanjo ya BCG, makovu ya mpira utotoni, mahali ulipojikata na kamba au bati kazini. Yakiwa bapa na yametulia, ni ishara njema, ingawa haitoshi kuwa uthibitisho. Likiwepo hata moja lililoota na kuvuka mpaka wake, mimi binafsi nisingekuchora popote. Kama makovu yako ni mazuri, daktari wa ngozi akikuona na kuridhika, basi weka ndege mmoja, si wawili, kwenye mkono chini ya kiwiko au kwenye shavu la mguu, ambako keloidi ni nadra zaidi. Mpe miezi sita hadi mwaka. Ngozi ikitulia, wa pili atafuata, na kufikia hapo utakuwa umemaliza maili zake. Kifua kinaweza kusubiri, au kisichorwe kabisa.

Kuna watakaokuambia kwamba siku hizi kuna leza ya kufuta, kwa hiyo usiwaze sana. Kwenye ngozi nyeusi leza ina shida zake: mwanga unaopaswa kuupiga wino hupiga pia melanini iliyo juu yake, na ukifanywa vibaya unaacha mabaka meupe au kovu. Chora kama mtu asiye na ufutio.

Suala la tarehe kumi halina mjadala. Tatuu mpya ni jeraha wazi. Juu yake hufunga kwa wiki 2 hadi 4, chini huchukua zaidi. Wewe unakwenda kwenye deki, jua la utosini, maji ya chumvi, ovaroli inayosugua, grisi, jasho, na bafu la pamoja. Meli nyingi za mizigo hazina daktari; kuna afisa mwenye sanduku la dawa na simu. Kidonda kikichacha katikati ya bahari, unasubiri bandari. Chorwa mwanzoni mwa likizo yako ijayo, siku chache baada ya kushuka, si kabla ya kupanda. Mkononi chini ya kiwiko fikiria pia kazi: baadhi ya waajiri, hasa upande wa Ghuba, hawapendi tatuu inayoonekana. Shavu la mguu halimkeri mtu.

Ukirudi, nenda dukani siku ambayo huchorwi, ukae tu utazame. Sindano ifunguliwe kwenye pakiti mbele ya mteja na itupwe kwenye kasha gumu baada ya kazi. Wino umiminwe kwenye vikombe vidogo vya kutupwa, na asiuzimue kwa maji ya bomba. Maji hayo yana vijidudu vinavyoweza kuleta maambukizi sugu ya ngozi. Glavu zibadilishwe akishika simu. Kama anatumia vifaa vya chuma vinavyorudiwa, mwulize otoklevu yake iko wapi. Akikuonyesha sufuria ya maji moto au chupa ya spiriti, mshukuru, utoke. Huyo anaweza kuwa amebandika Sailor Jerry ukuta mzima na bado hajajifunza kwake jambo la kwanza. Kabla ya yote, hakikisha una chanjo ya homa ya ini B. Baharia anaihitaji hata bila tatuu, na watu wazima wengi walizaliwa kabla haijaingia kwenye chanjo za watoto.

Baada ya kuchorwa, wekundu, joto na maji maji ya siku mbili tatu za mwanzo ni kawaida, kisha magamba na muwasho. Osha kwa maji safi na sabuni isiyo na manukato, paka mafuta kidogo, usibandue magamba, usiogelee mpaka ipone. Lakini wekundu ukiendelea kupanuka baada ya siku ya tatu, usaha ukitoka, homa ikapanda, au ukaona mstari mwekundu unapanda kutoka kwenye jeraha kuelekea kwapani au kwenye nyonga, nenda hospitali siku hiyo hiyo, usimrudie fundi kwa ushauri. Macho au ngozi ikigeuka manjano wiki au miezi kadhaa baadaye, vilevile. Nyekundu ikivimba na kuwasha peke yake wakati nyeusi imetulia, hiyo ni dalili ya mzio, mwone daktari wa ngozi. Na kovu likianza kuwa gumu, kung'aa na kupanda, hata kama ni mwezi wa tatu na wewe uko melini, lipige picha na shilingi kando yake kila wiki, na ukishuka bandarini mpelekee daktari picha hizo. Keloidi ikidakwa changa hutibika kwa urahisi zaidi.

Kwa daktari wa ngozi nenda wiki hii, kabla ya tarehe kumi, na uende na dada yako. Akiyaona masikio yake, atakuambia mengi kuhusu kifua chako kuliko ninavyoweza kukuambia mimi kwa maandishi, na huenda naye akapata matibabu.